Kufufua sehemu ya ndani ya pikapu kuukuu ukiwa si fundi: tuanze na sakafu, siti zije baadaye (Mtwara na Lindi)

Mleta uzi (Mikindani)

Wakuu, salaam. Katika mazungumzo mengi ya magari naona watu wa mikoa yetu ya kusini wakiuliza kava za siti zinapatikana wapi, redio gani inafaa na dashibodi iliyopasuka inazibwaje, lakini ni wachache mno wanaouliza sakafu iliyo chini ya mkeka ina hali gani. Uzi huu ni kwa ajili ya mtu ambaye si fundi kwa taaluma, ana pikapu kuukuu aliyoinunua au kuirithi, na anataka kuirudishia hadhi sehemu ya ndani kwa mikono yake mwenyewe. Ninayoyaeleza yanatokana na kazi ninayoifanya kwenye Toyota Hilux ya kizazi cha nne, kile kilichoanza kutoka kiwandani mwaka 1983. Kabla ya kunifikia mimi, gari hili lilikuwa likipandisha samaki kutoka pwani kwenda bara, na msimu wa korosho ukiingia lilibeba magunia. Mwenye Datsun, Peugeot 504 au Land Rover atakuta mengi yanafanana, kwa kuwa bati, raba na sponji huharibika kwa sababu zilezile.

Msimamo wangu nautoa mapema: gari la mwambaoni huliwa kuanzia sakafuni kwenda juu, na kinacholila ni maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo bati lililomwagikiwa maji ya bahari au maji ya samaki halikauki sawasawa hata katikati ya kiangazi. Ukilifunika kwa kapeti mpya na siti zenye ngozi nzuri, umeificha kutu mahali penye joto na unyevu, na itafanya kazi yake bila wewe kuiona. Ndiyo maana nawaomba wenye haraka ya kuona gari linang'aa wavumilie kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, fungua waya hasi wa betri, na siku ya kurudisha uwe wa mwisho kufungwa. Siti ndefu ya pikapu ya aina hii imeshikwa na bolti chache, na bolti nyingi za ndani ya Toyota hufunguka kwa spana namba 10, 12 na 14, hivyo huhitaji sanduku kubwa la vifaa. Shida ni kutu. Bolti iliyoshikamana isuguliwe kwa brashi ya waya, inyunyiziwe mafuta ya kulegezea kutoka juu na pia kutoka chini ya gari, iachwe hadi kesho yake, kisha ikazwe kidogo kwanza ndipo ifunguliwe. Ule mkazo mdogo huvunja ganda la kutu lililojijenga kwenye nyuzi. Anayelazimisha kwa kuunganisha spana na bomba refu hukata kichwa cha bolti, na kipande kinachobaki ndani ya nati iliyochomelewa chini ya sakafu hakitoki tena ila kwa drili. Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, na kila kundi la skrubu liwe na mfuko wake ulioandikwa jina la mahali zilipotoka.

Mkeka ukishatoka, isome sakafu kabla hujaikwangua. Kwenye gari langu, chini ya mkeka wa raba palikuwa na tabaka la kitambaa kizito kilichofyonza maji hadi kikawa cheusi. Kandokando ya reli ya siti palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, na magamba ya samaki yaliyokauka yalikuwa yameganda kwenye mifereji ya bati. Alama hizo zina maana. Kutu ikiwa kali kwenye pembe za mbele, kule miguu inakofika chini ya dashibodi, shuku raba ya kioo cha mbele au lile sanduku la hewa lililo chini ya waipa. Ikiwa imejipanga kandokando ya kizingiti cha mlango, maji yanapita ndani ya mlango wenyewe. Ikiwa iko nyuma ya siti, chini ya mgongo wa kabini, tazama raba ya kioo cha nyuma. Ikiwa ni mahali pa kisigino cha dereva peke yake, huenda ni viatu vyenye maji na mkeka uliotoboka tu, na hiyo ndiyo kutu nyepesi kuliko zote kuitibu.

Baada ya kusoma, hakikisha kwa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji usio na presha kubwa. Anzeni kumwagia chini, kwenye vizingiti, mkipanda taratibu hadi milango, kioo na mwisho paa, na kila sehemu ipewe muda wa kutosha kabla ya kuhamia inayofuata. Mkianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hamtajua tundu ni lipi.

Mambo mawili yanasahaulika sana. La kwanza ni lile sanduku la hewa chini ya waipa. Gari lililozoea kulala chini ya mkorosho au mwarobaini hujaa majani humo, majani yakaoza yakawa udongo, na tundu la kutolea maji likaziba. Mvua ikinyesha, maji yanapanda hadi yanamwagikia ndani kupitia njia ya hewa. Kulizibua ni kazi ya dakika chache na waya laini. La pili ni nailoni iliyo nyuma ya paneli ya mlango. Maji ya mvua siku zote huteremka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango, na mlango umetengenezwa ukijua hilo, ndiyo maana una matundu chini. Ile nailoni huyazuia yasivukie upande wa abiria. Mafundi wengi wakitengeneza kitasa au mashine ya kupandishia kioo huichana na kuitupa. Nunua nailoni nene, ikate kwa kufuata paneli, ibandike kwa gundi inayobaki laini, na ukingo wake wa chini uuchomeke ndani ya mlango ili maji yadondokee ndani na kutoka kwenye matundu. Bila hiyo, hata ubadilishe raba zote za milango, sakafu italowa tu.

Mchangiaji (Masasi)

Shukrani, mkuu, kwa maelezo yaliyoshiba. Sisi huku bara hatuna upepo wa bahari, lakini sakafu ya pikapu yangu upande wa abiria imetoboka kiasi cha kuona barabara. Fundi wa mtaani ameniambia atachomelea kipande cha bati la kuezekea kilichobaki kwenye ujenzi, kisha apake lami juu. Bei yake ni nafuu. Naomba ushauri kabla sijampa kazi.

Mleta uzi

Ndugu yangu, bati la kuezekea usilikubali, na sababu zipo mbili. Kwanza ni jembamba mno. Bati la geji 28 au 30 halifiki hata nusu milimita, wakati sakafu ya gari hubeba miguu na mtikisiko wa barabara kila siku. Pili, bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe ambao ukivutwa huleta homa, baridi na kifua kubana saa chache baadaye. Fundi anayechomelea chini ya dashibodi, kichwa kikiwa ndani ya kabini, anauvuta wote. Tafuta bati jeusi lisilo na zinki, la unene wa karibu milimita moja, ambalo mafundi wa mageti hawakosi vipande vyake.

Kazi yenyewe iende hivi. Kata sehemu yote iliyooza hadi ufike kwenye bati zima linalong'aa, maana kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakishiki. Kabla ya moto kuwaka, ondoa mkeka, sponji na kitambaa chochote, kisha lala chini ya gari uone mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya zinapita wapi. Palipo na bomba la mafuta, lifunguliwe na kusogezwa. Maji na mchanga viwe karibu. Kiraka kishikwe kwa nukta nukta, huku na huku, ili bati lisipinde kwa joto, kisha ndipo nukta ziunganishwe.

Palipo na kutu ya juu tu ambayo haijatoboa, kwangua kwa brashi ya waya na msasa, pakaa dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, halafu praima na rangi. Vaa glavu na miwani. Kama gari limebeba samaki, osha sakafu kwa maji baridi mengi na sabuni, uikaushe, kabla hata ya kuanza kukwangua, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya chumvi huinuka mapovu. Maungio ya mabati yazibwe kwa gundi maalumu ya bodi ya gari. Ile silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki usiitumie kwenye bati tupu. Harufu hiyo ni asidi, na asidi hiyo huanzisha kutu upya palepale ulipoziba.

Lami kwa juu si dhambi, lakini ipakwe upande wa chini ya gari na juu ya rangi iliyokauka. Ikipakwa juu ya kutu huifunika tu. Na kama unaweza kuchagua wakati, kazi hii ifanywe kati ya Juni na Oktoba, maana mvua za kusini zikishaanza, mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, hupati hewa kavu ya kukausha rangi.

Fundi siti (Lindi Mjini)

Habari za leo, waungwana. Mimi siti ndiyo kazi yangu, na namshukuru mleta uzi kwa kuziweka mwisho, kwa kuwa wateja wengi huniletea siti nishone upya na baada ya msimu mmoja wa mvua huirudisha fremu ikiwa imekatika kwa kutu. Naomba niongeze upande wangu kwa faida ya anayetaka kujaribu nyumbani.

Siti ikiwa chini, usiichane kava ya zamani hata kama imeoza. Chukua wembe, fumua mshono mmoja mmoja, na kila kipande ukiandike kwa chaki: juu, chini, kushoto, kulia, na pale vipande viwili vinapokutana weka alama inayovuka mshono. Kava hiyo ndiyo kipimo chako. Ukikata ngozi mpya kwa kukadiria kwa macho, itakaa vizuri kwenye meza na kukunjamana kwenye siti.

Fremu ikiwa wazi, angalia springi. Iliyokatika ichomelewe au ibadilishwe, kisha fremu yote ipigwe brashi na rangi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kati ya springi na sponji lazima kuwe na kitambaa kigumu, vinginevyo springi zitaikata sponji kidogo kidogo na mwaka ujao utakalia chuma. Viwandani walitumia kitambaa kizito cha juti. Sisi huku tuna bahati, kwa sababu gunia la juti la korosho linafanya kazi ileile. Liwe safi, limefuliwa na kukauka juani, lisiwe na madoa ya mafuta ya maganda ya korosho, maana yale huunguza ngozi ya mtu na hayafai kukaa karibu na mwili wa dereva. Lifunge kwenye fremu kwa waya usioshika kutu, pande zote, likiwa limevutwa.

Sponji ya godoro laini haifai. Mtu mzima akiikalia inabonyea hadi chini, na baada ya muda mfupi haiinuki tena. Omba sponji nzito, yenye kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Kama sponji ya kiwandani bado ni nzima na imebonyea upande wa dereva pekee, kata ile sehemu iliyochoka na ujaze kipande kipya kwa gundi ya sponji, kwa sababu umbo la kiwandani ni vigumu kulipata tena kwa kisu.

Uzi uwe wa nailoni au polyester. Wa pamba huoza kwa jasho na jua. Cherehani ya kawaida ya nguo itateseka, lakini yenye chuma kizito, ikiwekewa sindano namba 18 na ikizungushwa kwa mkono kwenye kona, inaweza kumaliza siti ya pikapu. Mishono isikaribiane sana. Kila tundu la sindano linaidhoofisha ngozi ya bandia, na ukishona karibu karibu unapata mstari wa matundu kama wa stempu, ambao siku ukivutwa unachanika moja kwa moja. Milimita nne hadi tano kati ya tundu na tundu zinatosha.

Wakati wa kuvalisha, iweke kava juani kwanza. Jua la mchana la kwetu hulainisha ngozi ya bandia vizuri kabisa, ikavutika bila kupasuka. Ikipoa inajikaza yenyewe na makunyanzi yanapotea.

Mchangiaji (Kilwa Masoko)

Fundi, Mungu akubariki kwa kutokuwa mchoyo wa ujuzi. Mimi naomba kuuliza kuhusu dashibodi. Yangu imepasuka mipasuko mirefu juu, na mzee aliyeniuzia alikuwa akiipaka mafuta ya nazi ili ing'ae. Wengine wananiambia nipitishe dizeli. Ipi ni sahihi?

Mleta uzi

Mkuu, yote mawili uyaache. Dashibodi za miaka ile zina ngozi laini ya plastiki juu ya sponji, na ulaini wake unatokana na vilainishi vilivyochanganywa kiwandani. Jua likipita kwenye kioo cha mbele mwaka hadi mwaka vilainishi hivyo vinatoka, ngozi inasinyaa, na ikikosa pa kusinyalia inapasuka. Dizeli na petroli huharakisha jambo hilohilo. Mafuta ya nazi hayarudishi kilichotoka. Yanang'aa siku mbili, kisha yanashika vumbi na kuchacha, na gari likifungwa juani harufu yake ni kero.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea, ukitumia brashi laini ya meno kwenye vinyweleo vya plastiki. Palipo na ukungu, futa kwa siki iliyochanganywa na maji, uache kukauke. Kama unapendelea Jiki, tumia Jiki peke yake ikiwa imechanganywa na maji mengi, na kamwe usiiweke pamoja na siki, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini, na kabini ya pikapu ni ndogo.

Kwa mipasuko, toboa tundu dogo sana mwishoni mwa kila mpasuko ili usiendelee kukimbia. Kata kingo zilizoinuka, jaza kwa kijazio kinachobaki na unyumbufu baada ya kukauka, piga msasa laini, kisha funika juu yote kwa kitambaa au ngozi isiyong'aa. Pati ya bodi ambayo mafundi wa rangi wanaipenda hukauka ngumu kama jiwe, na jua la Kilwa likiinyoosha plastiki iliyo chini yake, pati inabaki pale pale na mpasuko unarudi. Mimi kwa maoni yangu, kama mipasuko ni mingi, kifuniko cha kitambaa kilichoshonwa vizuri kina heshima kuliko kiraka kinachoonekana. Rangi iwe ya giza na isiyong'aa; dashibodi nyeupe au inayometa hujirudisha kwenye kioo na kumsumbua dereva.

Jambo jingine: klipu na vipande vya plastiki vya umri huu vinavunjika kama biskuti asubuhi yenye ubaridi. Vifungue mchana vikiwa na joto, au vimwagie maji ya moto kiasi kabla ya kuvipinda. Spea zake nyingi zinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara, na mara nyingi ni za mtumba zenye uchovu uleule.

Mchangiaji (Nachingwea)

Nimefungua chini ya dashibodi kama ulivyoelekeza nikakuta nyaya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu, na kwenye sanduku la fyuzi kuna mahali pamewekwa karatasi ya fedha ya sigara. Taa zote zinawaka. Je, niziache?

Mleta uzi

Usiziache hata siku moja, ndugu. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujaungua. Ile karatasi haikatiki, kwa hiyo kitakachoungua ni waya, na waya huo unapita juu ya sponji na kitambaa. Kwenye fyuzi za bapa rangi ndiyo kipimo: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Rudisha kipimo kilichoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku, na fyuzi mpya ikikatika tafuta sababu yake badala ya kuweka kubwa zaidi. Maungio yaliyosokotwa yakatwe, yaungwe kwa viungio vya kubana vya ukubwa unaolingana na waya, na yafunikwe kwa mpira unaojibana ukipashwa moto. Gundi ya tepu ya kawaida huyeyuka kwa joto la kwetu na kuuacha waya uchi. Kazi hii ifanywe sasa, dashibodi ikiwa wazi, kabla ya mkeka kurudi.

Mchangiaji (Newala)

Wakuu, naomba kuuliza mawili. Baada ya yote haya, sakafuni nirudishe kapeti au mkeka wa raba? Na mikanda ya siti imefifia na ina madoa, je, fundi anaweza kunishonea mipya?

Mleta uzi

Kwa pikapu ya kazi, weka mkeka wa raba, usiogundishwa, unaoinuka kwa mkono mmoja ili uweze kutazama bati wakati wowote. Kapeti yenye kitambaa kizito chini yake hunywa maji na kuyatunza. Ukitaka kupunguza kelele na joto la injini, bandika vipande vya mpira wa kuzuia sauti moja kwa moja kwenye bati lililopakwa rangi, ukiacha mifereji na matundu yenye vizibo wazi, na sponji yoyote unayoongeza iwe ya aina isiyofyonza maji.

Mikanda haishonwi na fundi wa siti, na naamini fundi wetu wa Lindi ataniunga mkono. Madoa yaoshe kwa maji na sabuni laini, mkanda ukiwa umevutwa wote nje, ukauke kivulini kabla ya kuurudisha. Usitumie Jiki wala kuutia rangi, kwa sababu nyuzi zake zinadhoofika bila kuonekana. Ukiona ukingo umechanika, umesagika au umeunguzwa na jua hadi ukawa mgumu, badilisha mkanda mzima pamoja na kifungio chake. Na wakati wa kufunga, tunza bolti zake za asili: zina kipimo cha inchi, 7/16, tofauti na bolti nyingine za gari ambazo ni za milimita, kwa hiyo bolti ya kuokoteza gereji itaingia kwa kulazimishwa na kuharibu nyuzi za nati. Kama kutu ilikuwa imefika kwenye nati hizo, mwite fundi wa kuchomelea aitazame sehemu hiyo upya kabla abiria yeyote hajapanda.

Fundi siti (Lindi Mjini)

Naunga mkono. Mikanda huwa nawakatalia wateja wote.